"Watoto wa Siku Hizi": Aliyebadilika ni Mwanafunzi au ni Darasa?

Kikao cha wazazi kilikuwa kimefika mahali pagumu. Mkuu wa shule alikuwa amemaliza kusoma matokeo ya kidato cha nne, sifuri zilikuwa nyingi, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama. "Sisi tulisoma kwa kibatari," alisema, "tukatembea pekupeku, na tukafaulu. Hawa wana umeme, wana simu, wanapikiwa uji shuleni, na bado wanafeli. Watoto wa siku hizi wameharibika." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, ambaye huuza mihogo ya kukaanga nje ya geti la shule hiyo hiyo, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee wangu. Naomba kuuliza. Mwaka ule mliofanya mtihani wa darasa la saba, mlikwenda sekondari wangapi kutoka kijijini kwenu?"

Mzee akafikiri. "Wawili. Mimi na binamu yangu, marehemu sasa."

"Na wale wengine?"

Mwenyekiti akaingia kwenye ajenda ya michango ya chakula, na swali likabaki bila jibu. Nimelibeba tangu siku ile, kwa sababu linagusa jambo ambalo mijadala yetu hulipita kila Januari, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo na redio zikafungua simu kwa wasikilizaji. Tunasema "wanafunzi wamebadilika" kana kwamba ni watu wale wale waliobadilika tabia. Mara nyingi waliobadilika ni wale wanaoruhusiwa kuingia darasani.

Ili tuelewane, tuanze na maneno mawili. La kwanza ni hali ya nyumbani: mzazi alisoma hadi wapi, anaishi kwa kilimo, mshahara au biashara ndogo, nyumba ina watu wangapi, ina taa au haina, lugha inayosemwa mezani ni ipi, na kama yupo mtu mzima wa kumuuliza mtoto, "Leo mmesoma nini?" La pili ni mtindo wa maisha: mwanafunzi analala saa ngapi, anakula nini na lini, anafikaje shuleni, na saa za baada ya kengele ya mwisho anazitumia wapi. Hali ya nyumbani ni udongo aliooteshewa mtoto. Mtindo wa maisha ni jinsi anavyoishi juu ya udongo huo kila siku. Vyote viwili hubadilika kadiri miaka inavyopita, lakini havibadiliki kwa sababu moja, na mkanganyiko wetu unaanzia hapo.

Mabadiliko tunayoyaona kwa wanafunzi yana vyanzo vinne. Vitatu ni rahisi kuvielewa.

Kuna umri. Mtoto wa kidato cha kwanza anafika na sare iliyoshonwa kubwa ili imdumu, anamwogopa kila mwalimu, na saa tatu usiku amelala. Mtoto huyo huyo akifika kidato cha nne ana ndevu mbili, ana rafiki wa siri, analala saa sita. Babu yake alipita njia hiyo hiyo. Mabadiliko ya aina hii yalikuwepo jana na yatakuwepo kesho.

Kuna zama. Hizi ni kama mvua: ikinyesha, babu na mjukuu wote wanalowa. Simu za mkononi zilipoenea hazikuwaingia wanafunzi peke yao. Mzazi naye siku hizi anakula chakula cha jioni akitazama kioo cha simu, mwalimu naye yumo kwenye makundi saba ya WhatsApp. Kwa hiyo mtu akisema "kizazi hiki kimeharibiwa na simu", ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe bado anaishi alivyoishi mwaka 1995. Ikiwa wote tumebadilika, basi tunazungumzia zama, na kizazi kimoja kinabebeshwa lawama ya watu wote.

Na kuna rika. Neno hili tunalo tangu zamani, tena jamii zetu nyingi zilijua kulitumia vizuri kuliko sisi: watu waliozaliwa au kutahiriwa kipindi kimoja, wakapitia mambo yale yale wakiwa na umri ule ule, na alama ikabaki kwao maisha yote. Tanzania Bara ina rika moja la aina hiyo ambalo ni rahisi kulifuatilia: watoto walioingia darasa la kwanza Januari 2016, mwezi ambao ada na michango ya lazima iliondolewa kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Mwaka ule madarasa ya kwanza yalifurika, na shule nyingi zikafundisha watoto chini ya miembe. Rika hilo likamaliza darasa la saba mwaka 2022, likaingia kidato cha kwanza 2023, na kidato chake cha nne kinaangukia 2026. Popote lilipofika, madawati yalipungua. Ni kama tonge kubwa la ugali linaloshuka kooni: ukiangalia shingo utajua limefika wapi. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, yale ambayo mpaka leo watu wanayaita madarasa ya Uviko. Tonge lilikuwa linakaribia sekondari.

Chanzo cha nne ndicho kigumu, na ndicho mama wa mihogo alichokiuliza. Nitakiita mchujo: nani anaingia, nani anabaki, nani anatoka.

Chukua ungo. Mimina mchele wenye pumba, chenga na mawe, pepeta mpaka uridhike, kisha ushike konzi moja ya kilichobaki. Ni mchele mweupe, safi. Sasa chukua gunia lingine kutoka shamba lile lile, safari hii usipepete, shika konzi yako. Utaona chenga, utaona pumba. Ukisema "shamba limeharibika", umelionea shamba, maana kilichobadilika ni ungo. Mfano huu una kasoro moja ambayo lazima niiseme: watoto waliopepetwa hawakuwa pumba. Wengi waliachwa kwa sababu ya karo, ya jinsia, ya umbali, au kwa sababu tu wilaya yao ilikuwa na nafasi tatu.

Na ungo wetu ulikuwa mkali sana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto asome shule ya msingi, na kufikia 1977 nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni hiyo. Lakini sekondari hazikupanuliwa kwa kasi ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kati ya watoto 100 waliomaliza darasa la saba, hawakufika watano waliopata nafasi katika sekondari za Serikali. Yule mzee na binamu yake walikuwa wamepita tundu la sindano. Mtu wa namna hiyo anapokumbuka darasa lake, anakumbuka chumba kilichojaa vijana bora wa vijiji arobaini, kila mmoja akiwa ndiye aliyeshika namba moja kwao. Kwa nini wasifaulu?

Mlango ulifunguka ghafla. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulianza 2004, na wananchi wakaanza kuchangia mawe, mchanga na nguvu zao kujenga shule za kata. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na wanafunzi wa sekondari kama 430,000. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya milioni 1.6. Katika miaka sita, darasa lililokuwa na mtoto wa mwalimu, mtoto wa karani na mtoto mmoja mwenye kipaji cha pekee kutoka shamba, likawa na watoto wa wavuvi, wa wafugaji, wa mama ntilie na yatima wanaolelewa na bibi. Wengi wao walikuwa wa kwanza katika ukoo mzima kuvaa sare ya sekondari.

Matokeo yakafuata. Mwaka 2007 ufaulu wa kidato cha nne ulikuwa takriban asilimia 90. Mwaka 2010 ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu. Na Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa 2012, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume, na matokeo yakaja kupangwa upya. Mtaani hitimisho lilikuwa moja tu: watoto wamekuwa wajinga na wavivu.

Tufanye hesabu ndogo ya kubuni, isiyohitaji kikokotoo. Kijiji kina watoto 50 wanaomaliza darasa la saba kila mwaka. Zamani, watano walichaguliwa kwenda sekondari, wanne wakafaulu. Ufaulu: asilimia 80. Siku hizi, 40 wanakwenda sekondari, 20 wanafaulu. Ufaulu: asilimia 50. Gazeti litaandika kwamba ufaulu umeporomoka, na hesabu yake ni sahihi. Sasa hesabu kwa kijiji badala ya darasa. Zamani, kati ya watoto wote 50, waliofaulu kidato cha nne walikuwa wanne. Leo ni 20. Hakuna hata mtoto mmoja aliyezidi kuwa mjinga, waliofaulu wameongezeka mara tano, na bado asilimia imeshuka. Imeshuka kwa sababu sasa tunawahesabu watoto ambao zamani walikuwa wanachunga ng'ombe wakati wa mtihani.

Nisieleweke vibaya. Hesabu hii haielezi anguko lote, na mtu akikuambia inalieleza lote anakudanganya. Shule za kata nyingi zilifunguliwa bila maabara, bila vitabu, na baadhi zilikuwa na walimu wawili kwa shule nzima, wengine wakiwa vijana waliotoka kidato cha sita jana na kupewa mafunzo ya muda mfupi. Tena mwaka 2008 kile kizuizi cha mtihani wa kidato cha pili kiliondolewa, hivyo waliokuwa wakichujwa katikati ya safari wakafika mwisho pamoja na wengine, kabla ya kizuizi kurudishwa baadaye. Watoto waliohitaji walimu wazuri kuliko wote ndio waliopewa walimu wachache kuliko wote. Hilo linaniuma, na nadhani ndipo hasira ya kikao kile ingepaswa kuelekezwa.

Jambo hili si letu peke yetu. Uganda ilipofuta karo ya shule ya msingi mwaka 1997, wanafunzi waliruka kutoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano katika kipindi kifupi. Kenya ilifanya hivyo 2003, na mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akaingia darasa la kwanza akiwa amevaa kaptula na soksi ndefu. Zanzibar ina historia yake tofauti, maana elimu bila malipo ilitangazwa huko Septemba 1964. Bara, kila mlango ulipofunguliwa, aliyekuwa ndani tayari alilalamika kwamba chumba kimeharibika.

Kuna badiliko jingine ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko yote, na silisikii likitajwa. Ni kuhama kutoka bweni kwenda kutwa.

Sekondari nyingi za Serikali za zamani zilikuwa za bweni. Kijana wa Bukoba alipanda meli na treni kwenda Tabora, wa Mtwara akapelekwa Iringa. Ilikuwa sera ya makusudi ya kujenga taifa. Lakini bweni lilifanya kazi nyingine ambayo hatukuiona: liliifuta nyumba kwa miezi kadhaa. Mtoto wa mkuu wa mkoa na mtoto wa mkulima wa muhogo waliamshwa na kengele moja, wakala ugali na maharage ya sufuria moja, wakakaa usiku kwenye chumba kimoja cha kujisomea chenye taa moja, na taa ikazimwa kwa wote wakati mmoja. Mtindo wao wa maisha ulikuwa sawa hata kama hali zao za nyumbani zilikuwa mbalimbali. Tunaposifia nidhamu ya wanafunzi wa zamani, sehemu kubwa ya tunachokisifia ni kengele, patroni na ratiba.

Shule ya kata ni ya kutwa. Saa tisa au kumi alasiri kila mtoto anarudi kwenye maisha yake. Mmoja anakuta mezani chai, taa na dada aliyemaliza chuo. Mwingine anakuta ndoo tatu za kuteka maji, mdogo wa kubeba mgongoni, na jirani mwenye spika kubwa. Wakati wa bweni tofauti hizo zilikuwepo lakini zilibaki nyumbani. Sasa zinaingia darasani kila asubuhi, kwenye sare iliyopauka na kwenye macho yenye usingizi. Kwa hiyo tunasema wanafunzi wa sasa "wametofautiana sana", wakati familia zetu zimetofautiana hivyo siku zote.

Na kati ya bweni na kutwa kumezaliwa kitu cha tatu: gheto. Kata ni kubwa. Shule iliyojengwa kuwa karibu bado inaweza kuwa kilomita saba au nane kutoka kitongoji cha mwisho, na mvua za masika zikianza mto haupitiki. Mzazi anampangishia mwanawe chumba karibu na shule. Jumapili anamletea unga, maharage, mafuta ya taa na noti chache. Ijumaa mtoto anarudi nyumbani. Siku tano katikati, mtoto wa miaka 14 ni mkuu wa kaya. Anapika, anafua, anajiamsha, anajifungia mlango kwa kufuli ambalo mtu mzima yeyote angelivunja kwa teke moja. Unga ukiisha Jumatano, hana wa kumwambia. Kwa msichana hatari ni kubwa zaidi, na kila mwalimu wa kijijini anaijua: bodaboda anayempa lifti, mwenye duka anayemkopesha sukari. Halafu siku mimba inapoonekana, kikao kinasema maadili ya watoto yameporomoka. Tumempa mtoto maisha ya mtu mzima, kisha tunashangaa anapoishi kama mtu mzima. Ndiyo maana mahali ambapo wazazi wameungana na halmashauri wakajenga hosteli, hata ya vyumba vinne na matroni mmoja, naiheshimu kazi hiyo kuliko hotuba nyingi.

Hapo tumeshagusa kutoka, upande wa pili wa mchujo. Watu wengi hudhani mchujo hutokea mlangoni tu. Fikiria basi la asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Linaondoka limejaa. Morogoro wanashuka watu, Iringa wanashuka wengine, Makambako wengine. Ukiwauliza abiria wanaofika Mbeya, "Je, mna uvumilivu wa safari ndefu?" utapata majibu mazuri sana. Usiseme safari imewafundisha uvumilivu. Huenda wasio nao walishashuka.

Kidato cha kwanza hadi cha nne ni basi hilo. Wanashuka watoro walioitwa machimboni au kwenye uvuvi, waliooa na kuolewa, waliougua, wanaolea. Mpaka Novemba 2021, msichana aliyepata mimba hakuweza kurudi katika shule ya kawaida ya Serikali. Mwezi huo Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba anaweza kurudi. Sasa tuseme mtu anafanya utafiti wa mtindo wa maisha: anawauliza kidato cha kwanza na kidato cha nne wa shule moja kuhusu chakula, usingizi na saa za kujisomea. Anakuta kidato cha nne wanakula vizuri zaidi na kujisomea zaidi. Atashawishika kuandika kwamba shule imewabadilisha. Pengine. Lakini pengine wale waliokuwa hawali mchana walishashuka Iringa.

Hii ndiyo tofauti kati ya picha na ufuatiliaji. Picha inapigwa siku moja kwa watu waliopo. Ufuatiliaji unamshika mtoto yule yule na kumuuliza tena kila mwaka, hata akiwa ameacha shule, hata ukilazimika kumfuata mnadani. Ni kazi ngumu na ya gharama, kwa hiyo tunachokipata zaidi ni picha. Picha si mbaya, mradi tusiisomee yale isiyoyasema. Wapo waliotafuta njia ya kati. Tathmini za Uwezo, zilizoanza Kenya, Tanzania na Uganda kati ya 2009 na 2010, hazikwenda kuwapima watoto darasani. Zilikwenda nyumbani, mlango kwa mlango, zikampima kila mtoto aliyekutwa, awe anasoma au la. Zilipepeta kidogo iwezekanavyo. Matokeo yake hayakufurahisha, maana watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya darasa la pili, lakini angalau ulikuwa unajua unawazungumzia watoto gani.

Mchujo una mlango mwingine ambao familia zenye uwezo zimeufungua zenyewe: shule za binafsi. Miaka ya 1980 mtoto wa daktari na mtoto wa mfagizi wa hospitali ile ile walisoma shule moja ya msingi ya Serikali. Leo wa daktari anachukuliwa na basi la njano saa kumi na moja alfajiri kwenda shule ya Kiingereza upande wa pili wa jiji. Alipoondoka hakuondoka peke yake. Aliondoka na mama aliyekuwa akihoji kwenye kikao, na vitabu ambavyo wenzake waliazima. Shule ya Serikali haikufanya kosa lolote siku ile, walimu ni wale wale, lakini wastani wake ukashuka, na wa shule ya binafsi ukapanda. Tukaja kuzipanga shule kwa namba, kumi bora na kumi za mwisho, kana kwamba zote zilipokea mchele uliopepetwa sawa. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora. Wapo waliokasirika. Mimi nilifurahi, kwa sababu ile orodha ilitupimia ungo, nasi tukadhani tunapimiwa mpishi.

Nirudi kwenye baadhi ya maneno ya kikao kile, maana yanasemwa nchi nzima na watu wenye nia njema.

"Siku hizi elimu ni bure, anayeshindwa ni mzembe." Kilichoondolewa ni ada ya sekondari, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, pamoja na michango ya lazima. Ni hatua kubwa, na mwaka 2022 ilisogezwa hadi kidato cha tano na sita. Lakini ada haikuwahi kuwa gharama kubwa kuliko zote. Sare mbili, viatu, madaftari, kodi ya gheto, nauli, na zaidi ya yote mikono inayokosekana shambani: hizo hazimo kwenye waraka wowote. Familia iliyoweza kulipa 20,000 kwa shida bado ina shida zile nyingine zote.

"Zamani walikuwa na akili za kiutu uzima." Hili lina ukweli wa ajabu: walikuwa watu wazima. Wengi walianza darasa la kwanza wakiwa na miaka minane, tisa, hata zaidi, kwa hiyo mhitimu wa kidato cha nne wa miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi alikuwa na miaka 19 au 20. Leo mtoto anaanza na miaka sita, na kwenye shule za binafsi huenda mitano, anafanya mtihani wa kidato cha nne na miaka 16. Tunachukua uamuzi wa kijana wa miaka 20, tunaulinganisha na wa mtoto wa miaka 16, kisha tunalaumu malezi.

"Wasichana wa siku hizi hawasomi, wanataka starehe." Kwenye mitihani ya darasa la saba ya miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya watahiniwa ni wasichana. Ukiona wengi zaidi wanaopata matatizo, kumbuka kwanza kwamba wamo wengi zaidi. Wale wa zamani walipata matatizo yale yale wakiwa nyumbani, ambako hakuna mkuu wa shule wa kuandika ripoti.

Basi mtu afanye nini anapotaka kujua kama wanafunzi wamebadilika kweli? Mimi huuliza maswali machache, na siyaulizi kwa mpangilio. Tunalinganisha watoto wa umri mmoja? Kati ya watoto wote wa umri huo katika eneo lile, walioko darasani ni wangapi sasa na walikuwa wangapi wakati ule? Wanaishi bwenini, nyumbani au gheto? Jambo linalolalamikiwa lipo kwa watu wazima pia? Mara nyingi swali la pili peke yake linatosha kuimaliza nusu ya hoja. Na nusu inayobaki ndiyo ya kushughulikia, kwa kuwa yapo mabadiliko ya kweli. Mtoto wa mjini leo anacheza nje kidogo kuliko baba yake. Miji imekua: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imebanana mijini, ambako uwanja wa chandimu umegeuka fremu za maduka. Hilo halitokani na mchujo. Ukimfuatilia mtoto yeyote wa Mbagala utalikuta.

Hesabu hizi tutazihitaji karibuni. Mtaala mpya wa shule ya msingi, wa miaka sita badala ya saba, ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Wale wa darasa la tatu watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao waliowatangulia darasa moja watamaliza la saba. Kwa mpango uliotangazwa, Januari 2028 marika mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja: mmoja ana mwaka mmoja zaidi wa umri na wa masomo, mwingine ana mtaala tofauti, na wote wanagombea dawati moja, bomba moja la maji na chumba kimoja cha gheto. Mitihani yao ya kidato cha nne itakuwa mwishoni mwa 2031. Matokeo yatakapotangazwa Januari 2032, asilimia itasomwa redioni, na mtu atasimama kwenye kikao fulani kusema watoto wa siku hizi wameharibika. Natumaini yule mama, au binti yake, atakuwepo kuuliza walikuwa wangapi.